Majuto ni Mjukuu

Kila ukoo hupenda kuanza na chombo. Katika mwambao wa Afrika Mashariki husimuliwa majahazi saba yaliyotoka Shirazi, na si haba koo zinazodai kwamba mzee wao alikuwamo. Katika pwani ya Massachusetts, huko Marekani, husimuliwa merikebu iitwayo Arbella, iliyofika Salem mwezi wa Juni 1630 ikiwa na Gavana John Winthrop na Wapuritani wenzake. Pande zote mbili za dunia imetokea ajabu moja: vyombo hivyo vimepakia abiria wengi zaidi baada ya safari kuliko siku ile vilipong'oa nanga.

Miongoni mwa wanaopandishwa Arbella na wasimulizi ni William Hathorne, Mwingereza aliyekuwa wakati huo kijana wa miaka ishirini na kitu. Orodha kamili ya abiria wa msafara ule haikubaki, kwa hiyo nafasi yake merikebuni imesimama juu ya simulizi tu. Yaliyofuata baada ya kukanyaga nchi kavu, hata hivyo, yamo katika maandishi. Alikaa kwanza Dorchester, kisha mwaka 1636 akahamia Salem, ambako mji ulimgawia ardhi. Akawa mjumbe katika baraza la koloni, na mwaka 1644 akawa Spika wa kwanza wa nyumba ya wajumbe. Alikuwa meja wa askari wa mgambo, alikuwa hakimu, na alikuwa mtu asiyetishika. Mfalme Charles wa Pili alipotaka avuke bahari mwaka 1666 kwenda kujieleza Uingereza, hakwenda. Alifariki mwaka 1681, akiwa mtu mwenye mali na heshima.

Huyu ndiye mzee aliyemwandama Nathaniel Hawthorne, mmoja wa waandishi wakubwa wa Marekani, maisha yake yote. Kiswahili kina jina kwa kila daraja la uhusiano wao. Mwana wa William alikuwa John. Mjukuu wake, Joseph. Kitukuu chake, Daniel. Kilembwe chake, Nathaniel aliyekuwa nahodha. Na kilembwekeza chake, Nathaniel mwandishi, aliyezaliwa Salem tarehe 4 Julai 1804. Daniel alikuwa baharia aliyepigana na meli za Waingereza wakati wa vita vya uhuru wa Marekani. Nahodha Nathaniel alikufa kwa homa ya manjano huko Surinam mwaka 1808, na mwanawe hakuwa ametimiza miaka minne. Mtoto aliyempoteza baba namna hiyo, bila kaburi la kulizuru, huenda akatafuta baba kwingineko. Yeye aliwatafuta katika vitabu.

Kati ya mwaka 1825, alipomaliza masomo ya chuo, na mwaka 1837, kijana Nathaniel aliishi Salem kama mtawa, katika nyumba ya mama yake, akisoma na kuandika. Aliazima vitabu katika maktaba ya mji, na miongoni mwavyo ilikuwamo tarehe ya Salem iliyoandikwa na Joseph Felt na kuchapishwa mwaka 1827. Humo alikutana na jina lake. Na katika miaka hiyo hiyo alilibadili: Hathorne ikawa Hawthorne, kwa kuongezwa herufi moja katikati. Wengi wamesema alitaka kujitenga na wazee wake. Ikiwa ndivyo, pazia lilikuwa jembamba mno, kwani aliyelitundika ndiye aliyekuwa akilifunua kila aliposhika kalamu.

Inafaa kueleza kwa nini ilikuwa rahisi kwa mtu kama yeye kuwapata wazee wake. Wapuritani walikuwa watu wa maandishi. Huko Uingereza walikotoka, tangu mwaka 1538 kila parokia ilitakiwa kuandika ubatizo, ndoa na maziko. Huko Massachusetts, mwaka 1639, koloni liliamuru kila mji uandike waliozaliwa, waliooana na waliokufa. Ardhi iliandikwa ilipogawiwa, wasia uliandikwa, aliyeingia kanisani kama mshiriki aliandikwa, na tangu mwaka 1631 ni mshiriki wa kanisa tu aliyeweza kuwa raia mwenye kura, kwa hiyo naye aliandikwa. Katika muongo mmoja, hadi kufikia mwaka 1640, Waingereza wapatao 20,000 walivuka bahari kwenda New England, wengi wao wakiwa familia nzima: baba, mama, watoto na watumishi. Wakazaana, wakaandika. Leo mamilioni ya Wamarekani wanaweza kushika uzi wao na kuufuata hadi huko. Jumuiya yao ya nasaba iliundwa Boston mwaka 1845. Na tangu mwaka 1988 mtaalamu Robert Charles Anderson na wenzake wamekuwa wakichunguza kila mhamiaji wa mwanzo mmoja mmoja, wakiyapokonya majahazi abiria wa uongo na kuwarejeshea wa kweli.

Lakini mwandishi mzuri wa kumbukumbu haandiki ubatizo na harusi peke yake. Karani yule yule aliyeandika kwamba Meja Hathorne amepata mtoto ndiye aliyeandika amri za Hakimu Hathorne. Wakweka, au Marafiki kama wanavyojiita wenyewe, walipoingia Massachusetts wakihubiri kwamba nuru ya Mungu imo katika kila moyo na haihitaji mchungaji, Wapuritani waliwatungia sheria za kuwafukuza, kuwakata masikio na hatimaye kuwanyonga. Mary Dyer alinyongwa Boston mwaka 1660. Sheria ya mwaka 1661 iliagiza wafungwe nyuma ya mkokoteni, wachapwe viboko mji hata mji mpaka watoke katika mipaka ya koloni. William Hathorne aliitekeleza kwa bidii. Katika maandishi yake yaitwayo "Main Street", ya mwaka 1849, kilembwekeza chake alimweka mwanamke mmoja Mkweka, Anne Coleman, katikati ya barabara kuu ya Salem, akiwa wazi kuanzia kiunoni kwenda juu, amefungwa mkokotenini, na amri ya meja ikisema: mijeledi kumi Salem, kumi Boston, kumi Dedham. Hakumficha aliyetia sahihi.

Kisha akaja John, mwana. Yeye alizaliwa mwaka 1641 katika nchi mpya, hakuijua Uingereza wala dhuluma iliyowakimbiza Wapuritani kutoka huko. Alirithi uhakimu kama wengine wanavyorithi shamba. Tarehe 1 Machi 1692, katika kijiji cha Salem, yeye na mwenzake Jonathan Corwin waliketi kuwahoji wanawake watatu walioshtakiwa kwa uchawi: Sarah Good, Sarah Osborne na Tituba. Mahojiano yaliandikwa na yamebaki, na mtu yeyote anayejua desturi ya mahakama ataona upesi kwamba maswali ya John hayakuuliza kama mshtakiwa amefanya. Yaliuliza kwa nini amefanya. Ilipofikia mwisho, watu zaidi ya 150 walikuwa wameshtakiwa, 19 wamenyongwa, mzee Giles Corey amekandamizwa kwa mawe hadi kufa, na watu wasiopungua watano wamefia gerezani. Rebecca Nurse, bibi wa miaka 71, alikuwa miongoni mwa walionyongwa. Dorothy, binti wa Sarah Good, alitiwa minyororo akiwa hajafika miaka sita.

Mmoja wa mahakimu, Samuel Sewall, alisimama kanisani mwaka 1697 akaungama mbele ya watu, akiomba asamehewe. John Hathorne hakusimama. Aliendelea na kazi zake za uhakimu, akafa mwaka 1717, akazikwa katika makaburi ya mtaa wa Charter, Salem, ambako jiwe lake lipo mpaka leo.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu, huja kinyume. Kwa kawaida methali hii huonya juu ya mtu na tendo lake: atalia baadaye, wakati kilio hakifai kitu. Katika ukoo wa Hathorne ilitimia kwa maneno yake yenyewe. Babu hakujuta, mwanawe hakujuta, na majuto yakangoja vizazi hadi akazaliwa wa kuyabeba. Mwaka 1850, katika utangulizi wa riwaya yake *The Scarlet Letter*, Hawthorne aliwataja wazee wake wawili hadharani: yule wa kwanza mwenye ndevu, joho jeusi na kofia ndefu, Biblia na upanga, na mwanawe aliyerithi ukali wa baba. Akasema kwamba yeye, aliye wa damu yao, anaichukua aibu yao juu yake, na anaomba laana yoyote waliyoiletea nasaba iondoke. Papo hapo akawawazia nao wakimtazama kutoka kaburini na kumwonea haya: huyu ni mjukuu gani, kazi yake kutunga hadithi! Alimwacha msomaji acheke kidogo, kisha akaendelea. Wenye kuungama kwa dhati mara nyingi hawapazi sauti.

Utangulizi huo una jambo la kumgusa msomaji wa visiwani. Hawthorne aliuandika baada ya kupoteza kazi yake Forodhani mwa Salem, alikokuwa afisa tangu mwaka 1846 mpaka serikali ilipobadilika na akafukuzwa mwaka 1849. Salem ya siku hizo ilikuwa imeshikana na Unguja kuliko mji wowote wa Marekani. Mkataba wa biashara kati ya Marekani na Sayyid Said ulitiwa sahihi mwaka 1833, na balozi mdogo wa kwanza wa Marekani, Richard Waters, aliyefika Unguja mwaka 1837, alitoka Salem. Merikebu za Salem zilileta kitambaa kigumu kilichofumwa katika viwanda vya Massachusetts, ambacho mpaka leo Kiswahili hukiita merikani, na zikarejea na sandarusi, pembe, ngozi na karafuu. Kila bidhaa iliyolipiwa ushuru ilipigwa chapa ya jina la afisa. Hawthorne mwenyewe alichekeshwa kwamba jina lake, ambalo vitabu vyake havikuweza kulifikisha mbali, sasa lilisafiri juu ya magunia ya pilipili na masanduku ya sigara. Ndiyo kusema jina la William Hathorne, pamoja na ile herufi ya aibu iliyopachikwa ndani yake, liligongwa kwa rangi nyeusi katika gati ile ile iliyopokea mali ya Unguja; na watu wa Unguja nao walijua vyema ni jasho la nani lililobeba pembe kutoka bara.

Baada ya Forodha ilikuja nafasi ya balozi mdogo mjini Liverpool, kuanzia mwaka 1853 hadi 1857, na hapo utafutaji uligeuka. Huko Salem aliwajua wazee mpaka kwenye ukingo wa bahari. Sasa alikuwa ng'ambo ya pili, katika nchi waliyotoka, naye alitamani kujua ni kijiji gani. Simulizi za ukoo zilitaja Wiltshire. Aliandika katika daftari zake jinsi alivyotamani kuliona, katika makaburi ya kanisa lolote la kale, jiwe lenye jina lake. Hakuliona. Ofisini kwake walifika Wamarekani wenzake walioamini kwamba wana majumba na mashamba ya kurithi Uingereza, wameshika barua na michoro ya nasaba, wengine wakiwa hawana hata nauli ya kurudi kwao. Aliwaandika kwa mzaha na huruma, lakini alijua kwamba maradhi ni yale yale.

Mwaka 1855 alizuru jumba la Smithills, karibu na Bolton, akaonyeshwa alama katika jiwe la sakafu, ambayo wenyeji husema ni unyayo wa damu wa mtu aliyeteswa kwa ajili ya imani yake. Alama ile haikumtoka akilini. Katika miaka yake ya mwisho alijaribu tena na tena kuandika riwaya juu ya Mmarekani anayekwenda Uingereza kutafuta urithi wa ukoo na kuupata unyayo wa damu kizingitini. Alianza, akaacha, akaanza upya, na tarehe 19 Mei 1864 alifariki bila kuimaliza. Mtu aliyekuwa hodari wa kueleza kile ambacho wazee wa Salem walifanya alishindwa kueleza walikotoka. Pengine kwa sababu riwaya ile ilidai jumba kubwa, na moyoni alihisi kwamba hapakuwa na jumba.

Kweli hapakuwa nalo. Katika miaka ya 1880 Henry FitzGilbert Waters, mzaliwa wa Salem mwenye jina la ukoo sawa na la yule balozi wa Unguja, alikuwa London akipekua wasia za kale katika jengo la Somerset House. Ndiye aliyegundua asili ya John Harvard, ambaye chuo kikuu kina jina lake. Katika pekuapekua hiyo alikutana na akina Hathorne: wakulima wenye ardhi yao wenyewe, watu wa wastani, wa kijiji cha Binfield katika wilaya ya Berkshire, si mbali na Windsor. Baba wa William alikuwa mkulima aliyeandika wasia wake kwa adabu na kuwagawia watoto wake alichokuwa nacho. Hakukuwa na mnara wala unyayo wa damu. Damu ilianza upande huu wa bahari, baada ya mkulima kupewa rungu la hakimu.

Hili ni fundisho linalowakera wengi watafutao nasaba, Massachusetts na Afrika Mashariki vilevile. Mtu huingia katika maandishi akitumaini mfalme, sharifu au nahodha, na hutoka na mkulima. Na kama amebahatika kupata mkubwa, humpata pamoja na waliolia chini yake. Ardhi aliyogawiwa William ilikuwa na wenyewe kabla ya merikebu kufika. Mwaka 1638 merikebu ya Salem iitwayo Desire ilirudi kutoka visiwa vya Karibi ikiwa na Waafrika watumwa, baada ya kupeleka huko mateka wa kabila la Pequot. Haiwezekani kuuchukua uzi wa William na kuziacha nyuzi hizi, maana zimesukwa katika kamba moja.

Hapa ndipo inapofaa kumrudia Tituba. Alikuwa mtumwa katika nyumba ya mchungaji Samuel Parris. Kumbukumbu zinamtaja kama mwenyeji wa asili wa Amerika. Siku ile ya Machi 1692 alisimama mbele ya John Hathorne, akakiri yale yaliyotakiwa akiri, na kukiri kukamwokoa na kamba. Alikaa gerezani mwaka mmoja na zaidi, kwa kuwa mfungwa alipaswa kulipa gharama za kufungwa kwake na bwana wake hakulipa. Mwaka 1693 mtu mwingine alilipa, akamchukua. Baada ya hapo maandishi yananyamaza. Karani aliyejua kuandika mbuzi wa nani ameingia shamba la nani hakuandika Tituba amekwenda wapi, wala alizaliwa na nani. Anayemhoji ana vizazi kumi vilivyopangwa kwa tarehe. Anayehojiwa ana siku chache tu za maneno, na hata hayo ameyasema kwa hofu. Katika visiwa hivi, ambako soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873 na hali ya utumwa ikaondolewa kisheria mwaka 1897, wapo wanaolijua pengo hilo bila kuelezwa. Shajara ya bwana hutundikwa ukutani. Ya mtumwa huishia kwa bibi ambaye jina lake la kwao halikuulizwa.

Mtenda husahau, mtendewa hasahau: hiyo nayo ni kauli ya wahenga. Katika Salem kuna kisa kinachoipa sura nyingine. Philip English, mfanyabiashara tajiri, alishtakiwa uchawi yeye na mkewe Mary mwaka 1692, wakatorokea New York. Aliporudi aliishi na kinyongo kikubwa dhidi ya waliomtenda, John Hathorne akiwa mmojawapo. Lakini baadaye mjukuu wa kike wa Philip aliolewa katika ukoo wa hakimu. Tangu hapo wapo akina Hathorne ambao wakifuata uzi upande mmoja humkuta mshtaki, na wakifuata upande wa pili humkuta mshtakiwa. Hao hawawezi kujuta kwa niaba ya mmoja bila kulia kwa niaba ya mwingine.

Mwaka 1992, miaka 300 baada ya mashauri yale, Salem ilijenga kumbukumbu ya waliouawa: viti vya mawe 20, kila kimoja na jina, tarehe na namna ya kifo. Mwaka 2017 iliwekwa kumbukumbu nyingine mahali penyewe pa kunyongea, palipothibitishwa mwaka mmoja kabla. Mwaka 2022 bunge la Massachusetts lilimsafisha Elizabeth Johnson, wa mwisho kati ya waliohukumiwa ambaye jina lake lilikuwa halijasafishwa. Majuto yamekuwa mjukuu mara nyingi.

Viti vile vya mawe vimepakana na makaburi ya mtaa wa Charter. Mgeni aliyekuja na karatasi ya nasaba anaweza kusimama mbele ya jiwe la John Hathorne, kisha akatembea hatua chache na kuketi karibu na jina la Sarah Good au Rebecca Nurse. Wengine, wenye damu ya pande mbili, hufanya yote mawili mchana mmoja. Jina la Tituba halimo katika viti, kwa kuwa hakuuawa. Anayetaka kumkumbuka itambidi asimame tu.